Nani Alimfuata Mwenzake

Kijana wa vipimo amekuja na kopo la rangi,
akachora X ubavuni mwa kanisa,
pale ukuta ulipobonyea mwaka wa Elnino.
Nyekundu. Bado haijakauka.
Akakunjua fomu juu ya boneti la gari:
Mama, naomba jibu moja tu.
Ninyi mliifuata barabara, au barabara iliwafuata?

Kama tuliifuata, tunabomoa wenyewe, kwa nyundo zetu.
Kama ilitufuata, serikali inalipa.
Visanduku viwili,
na kati yake upana wa unyasi.

Mimi mtunza hazina wa Namitunda, mwaka wa kumi na tisa huu.
Nina sanduku la bati, nina daftari
ambalo mchwa wamelila pembeni wakatuachia katikati.
Nikamwambia, mwanangu, kaa kitako.

Alianza Lipuyu.
Alirudi toka mkongeni Tanga akiwa na vidole tisa
na kitabu cha nyimbo alichopewa na Mribe mmoja
waliyelala naye banda moja.
Watu wakamuuliza, dini gani hii?
Akasema, Methodisti.
Wakacheka. Walidhani kaoa huko huko.

Akataka nyumba ya sala huku juu,
ambako ukichimba kisima unachimba kiu,
na udongo haushikani bila maji.
Maji yako bondeni, chini ya genge.
Basi wanawake wakashuka na mitungi kabla ya jogoo,
wakapanda jua likiwa utosini:
nusu mtungi kwa sufuria,
nusu kwa ukuta.
Bibi yangu Nambunga alihesabu safari
kwa kupiga fundo kwenye ukili.
Mafundo mia mbili na kumi na moja
mpaka dirisha la kwanza.
Na zile kona saba za gengeni, unazozilaumu kwenye ramani yako,
walizikata wao kwa nyayo,
maana mwenye mtungi kichwani hapandi moja kwa moja.

Baadaye akaja mnyapara wa kodi na kamba na majembe.
Asiye na shilingi alilipa kwa mgongo.
Bwana mkubwa, juu ya machela, akaamuru njia inyooke.
Ikanyooka.
Masika ya kwanza ikateremka bondeni yote,
na Chikoyo mwana wa Mchopa ndani yake, na jembe lake.
Wakarudi kwenye kona saba, kimya kimya.
Kikasimamishwa kibao: *Barabara hii ilifunguliwa na*
kutu imelila jina,
nami silililii.

Tazama ukurasa wa tisa, waliobatizwa.
Wilfridi Nantipi, kazi: barabara.
Danieli Liunduka, kazi: barabara.
Hugo, ubini haujulikani, kazi: barabara.
Geuza. Wanawake.
Persisi Nambunga, kazi: hakuna.
Kolumba mke wa Lipuyu, kazi: hakuna.
Hakuna, hakuna, hakuna,
mpaka chini ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri sana.

Kijana akashika kalamu, akaishusha.
Sasa mama, niandike nini? Lipi lilitangulia?
Nikamwambia, siku ile kanisa halijawa kanisa
na njia haijawa njia.
Vyote viwili vilikuwa kichwani mwa mtu,
vinachuruzika shingoni.

Fomu haina kisanduku cha maji.

Akaomba ya kunywa. Nikamkingia bombani, kwenye tangi
linalojazwa na mfereji wa paa;
bati tulinunua kwa korosho, mwaka bei ilipokuwa na akili.
Akanywa amesimama, akaniomba tena.
Halafu akainama juu ya boneti,
akaandika kitu, si kisandukuni, pembeni,
mstari mmoja, labda miwili.
Sikusoma.
Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani.